Utulivu wa Jumamosi Moja

Kila anayekuja kunywa kahawa ananiambia, "Bibi, iandike wewe, wewe ndiye uliyekuwa na akili timamu siku ile." Waliosoma wamejaa tele mjini, kalamu zinawadondoka mifukoni, lakini kazi ya kuandika anatupiwa bibi kizee aliyeacha shule kabla hesabu ya kugawanya haijafika. Haya. Nitaandika. Ila nitaandika nilivyoona mimi, na atakayejiona amechorwa vibaya akamlaumu aliyemuumba, si mimi.

Benchi letu ni la saruji, liko pale zinapokutana barabara mbili, mgongo wake umeegemea ukuta wa jengo jipya. Nasema limeegemea, lakini benchi ndilo lililotangulia. Jengo lilikuja likalikuta limekaa. Mimi jiko langu la mkaa liko kando, birika moja na vikombe visivyo na masikio. Jua likichomoza tu wanaanza kuja wenye kazi na wasio na kazi, na ukiwatazama hutajua yupi ni yupi. Kuna Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku. Alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili kwapani mpaka akadhani yaliyomo yamempenya. Kuna Kipaza, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye Mungu alimpa sauti akasahau kumpa kifuniko. Kuna Funguo, msimamizi wa jengo lenyewe, analala humo humo upande wa nyuma, ndiyo sehemu ya mshahara wake. Huyo hufika amechelewa kila siku, mswaki mdomoni, funguo zinamlia kiunoni, maana usingizi wa asubuhi anaupenda kuliko mama yake mzazi. Na kuna fundi saa, mtu mwembamba wa maneno machache, ambaye siku hizi tunamwita Marehemu. Hilo jina nitalieleza. Msinikimbize.

Mambo yalianza na apatimenti ya ghorofa ya kwanza, ile iliyo juu ya vichwa vyetu kabisa. Nyingine zote zilipata wapangaji, hiyo ikabaki tupu. Funguo akawa anaisifia kila asubuhi kama baba mwenye binti aliyechelewa kuposwa.

—Apatimenti ya kifahari, wazee wangu. Chumba kimoja, lakini usiseme chumba. Hicho ni chumba!

—Tumeelewa, nikamwambia. Ni chumba.

—Kitanda unakizunguka pande zote, hugusi ukuta.

—Unakizunguka unatafuta nini? akauliza Kipaza.

—Bafu la kioo. Maji ya moto yanatoka ukutani. Na jiko limo humo humo sebuleni, unakaanga huku unatazama televisheni.

Hapo nikaweka birika chini.

—Jiko ndani ya sebule? Mimi nimelea watoto watano hivyo hivyo. Enzi zetu iliitwa umaskini.

—Siku hizi ndiyo anasa, Bibi.

—Na kodi yake?

Akaitaja. Hakimu akapaliwa. Siiandiki hapa, nisije nikaua msomaji.

—Kwa hela hiyo, akasema Kipaza, mimi nalala, mwenye nyumba anasimama pembeni ananipepea.

Fundi saa akanyanyua macho kutoka kwenye kikombe.

—Sasa kama ni nzuri hivyo, mbona haipati mtu?

Funguo akatutazama mmoja mmoja, kama daktari mwenye majibu mabaya.

—Watu wanakuja. Wanapenda vigae, wanapenda bafu. Halafu wanafungua mlango wa roshani.

—Wanaona nini?

—Hawaoni. Wanasikia.

Kipaza alicheka mpaka njiwa wote wakatoka ukutani.

—Nyinyi chekeni, akasema Funguo. Mwenye jengo ameniambia isipopata mpangaji mwezi huu, anatafuta msimamizi mwingine. Hamuwezi kunyamaza hata asubuhi moja?

—Kwa mujibu wa sheria, akasema Hakimu, raia haombwi kunyamaza nje. Na wahenga wamesema, haba na haba hujaza kibaba.

—Inahusiana vipi?

—Nenda kaifikirie.

Hakimu ndivyo alivyo. Kila kikao lazima atoe methali, hata kama haina kazi pale, kama mtu anayetembea na mwavuli kiangazi.

Wiki hiyo hiyo fundi saa hakuonekana. Jumamosi asubuhi, birika halijachemka vizuri, Funguo akafika mapema, bila mswaki. Kule kuwahi peke yake kungetushtua, lakini alikuja na neno zito zaidi.

—Wazee wangu. Fundi saa hatunaye.

—Hatunaye vipi?

—Nimepigiwa simu. Mwanamke, analia. Kasema msiba uko nyumbani kwa binti yake, akakata.

Sasa hapa ndipo mtaniambia, kwa nini hamkupiga simu kuhakikisha? Nyinyi hamtujui. Kwetu sisi msiba hauulizwi, msiba unaendewa. Ukipiga simu kuhakikisha ni kama unadai risiti. Nikaimwaga kahawa yote mtaroni, nikazima mkaa, nikajifunga kanga. Sikulia. Nimeshalia mengi duniani, siku hizi silii kabla sijaona mwili.

Funguo akasema tutangulie, yeye hawezi kuliacha geti. Tukatangulia, benchi zima na waliopita njia, mpaka mwisho wa mji. Kipaza alianza kilio tangu mwanzo wa mtaa, majirani wakatoka na taulo. Tukagonga. Mlango ukafunguliwa na marehemu mwenyewe, shavu limevimba kwa jino, kijiti mdomoni.

—Nani kafa? akauliza.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia.

—Wewe, akasema Kipaza.

Mimi nilitamani kurudi nikaokote kahawa yangu mtaroni. Hakimu yeye alikuwa ameandaa hotuba ya kumuaga, akasema kwa kuwa imeshaandaliwa hawezi kurudi nayo nyumbani. Akaitoa pale pale mlangoni. Fundi saa akaisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni, kisha akasema:

—Ni fupi.

Binti yake, mtoto mwenye adabu, akatukaribisha ndani, akapika alichokuwa nacho. Tulikimaliza. Watu waliojiandaa kwa msiba hula kama waliojiandaa kwa msiba. Tukarudi jioni, tumeshiba na hasira, na tangu siku hiyo fundi saa akaitwa Marehemu.

Siku chache baadaye ile apatimenti ikapata mpangaji.

Alikuwa msichana peke yake, na maboksi yake na kitanda kilichofungwa kwa nailoni. Funguo alimbebea mpaka mto. Akatuambia amelipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mwenye jengo amefurahi. Sisi tukampongeza, tukaendelea na kahawa. Ila mpangaji mwenyewe alikuwa anatoka jua likizama, anarudi jua likichomoza, anapita mbele yetu anatuamkia kwa sauti ya mtu aliyebeba gunia, anapanda. Na sisi ndipo tunapoanza kuchangamka.

Basi asubuhi moja Hakimu alikuwa amesimama anatueleza kesi ya mbuzi. Alikuwa amefika kwenye "kwa mujibu wa" pale maji yalipomshukia. Si mvua. Ndoo nzima, kutoka juu. Mlango wa roshani ukapigwa, kimya.

Hakimu akabaki amesimama, kikombe kimejaa kuliko kilivyokuwa.

—Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema, maji yakimtiririka puani.

—Kaa chini ujipanguse, nikamwambia.

—Sikai! Huu ni ushahidi. Nikikauka ushahidi umepotea.

Hapo hapo Funguo akatokea getini, mswaki mdomoni. Alipoona maji hakuuliza yametoka wapi. Akautoa mswaki taratibu.

—Wazee wangu, nina ujumbe, na mjumbe hauawi. Mpangaji amemlalamikia mwenye jengo. Amesema ama kelele, ama yeye. Na kodi yake ya mwaka arudishiwe.

—Na mwenye jengo amesemaje? nikauliza.

—Amesema kurudisha hela ni dhambi. Kesho wanakuja mafundi na nyundo. Benchi linavunjwa.

Mimi nilitazama jiko langu. Watu wanadhani nauza kahawa. Mimi nauza mahali pa kukaa, kahawa ni kisingizio. Ondoa benchi uone kama kuna atakayesimama juani kunywa uchungu bila sukari. Na katika umri huu siendi kutafuta kona nyingine, nianze kuzoea wajinga wapya.

—Kuna jambo, akasema Kipaza, na akipunguza sauti unamsikia hadi kituo cha basi. Huyo siyo mpangaji. Nani analipa kodi ya kifalme halafu usiku hayupo? Kitanda cha kukizunguka, na halali juu yake usiku! Huyo ametumwa.

—Na nani?

—Na wanaotutazama.

—Nani akutazame wewe, baba, nikamwambia, mke wako mwenyewe amechoka kukutazama.

—Bibi, usicheke. Anatoka jioni, anarudi alfajiri. Kazi gani hiyo ya mtoto wa kike?

—Kuna kazi hamsini. Na ukitaja ile unayoifikiria, hii kahawa nakumwagia, wala sitapanda juu kufanya hivyo.

Akaiacha. Hakimu akaipokea hoja, nguo zimemganda mwilini.

—Mimi nawaambieni, mambo haya yana mzizi. Kumbukeni ile Jumamosi. Mwanamke asiyejulikana anapiga simu, anatangaza kifo cha uongo, benchi linabaki tupu asubuhi nzima. Yalikuwa mazoezi!

—Mazoezi ya nini? akauliza Marehemu.

—Ya kututoa! Walitaka kujua inachukua muda gani benchi kuwa tupu. Wakaja wakapima urefu na upana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana yake nini? Ukuta huu umejengwa juu ya benchi hili. Benchi ndilo linalolishika jengo. Wakilivunja kesho, ghorofa zote zinakuja chini.

—Si ndio wasilivunje basi, nikasema.

—Ndiyo maana wanalivunja! Wapate bima!

Kipaza akajipiga gotini kwa kiganja.

—Na chini ya benchi kuna kitu. Wenyewe mmeona paka hawalali hapo.

—Paka hawalali hapo kwa sababu yako.

—Kuna madini, Bibi! Huyo binti amepangishwa juu ili asikilize usiku madini yakitembea.

—Usiku hayupo, umesema mwenyewe.

Akafikiri.

—Basi anayafuata yanakokwenda.

Nikamtazama Marehemu, nikidhani walau aliyekufa atakuwa na busara. Akasafisha koo.

—Mimi nadhani ni wateja. Nina saa nyingi dukani wenyewe hawajazifuata. Nikifa, kila mtu anakuja anachagua iliyo nzuri anasema ni yake. Aliyepiga simu ana saa yake pale, au anaitamani ya mwenzake.

—Au ni mke wako wa zamani, akasema Kipaza.

—Yule angekuja mwenyewe kuhakikisha nimekufa.

Funguo muda wote alikuwa amekaa mwisho wa benchi, anazichezea funguo zake moja moja. Akaingia kwa upole.

—Wazee, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sitaji mtu. Lakini simu ilisema msiba uko kwa binti. Ningekuwa mimi ningemchunguza huyo binti.

Marehemu akageuka, polepole kama mshale wa saa.

—Binti yangu ndiye aliyewalisha.

—Mimi sijasema kitu. Methali ndiyo imesema.

Wakaanza wote kwa pamoja. Hakimu anataka mahakama ikae pale pale, Kipaza anataka tuchimbe chini ya benchi kabla ya mafundi, Marehemu anataka Funguo amuombe radhi binti yake. Birika lilikuwa limebaki na vikombe viwili vya mwisho. Mimi nilikuwa nimechoka nao kiasi kwamba niliiona ile nyundo ya kesho kama mgeni anayechelewa.

Hapo geti likafunguka.

Alikuwa yeye, wa juu. Gauni la kulalia na shuka begani, nywele kazifunga kitambaa, macho mekundu kama mtu aliyekata gunia la vitunguu. Kipaza akafunga mdomo, na hilo tu lilistahili kushuhudiwa.

—Shikamoo Bibi. Shikamooni wazee.

—Marahaba, mwanangu, nikasema. Na hawa pia wamepokea, ila mmoja amelowa.

Akamtazama Hakimu, akaweka mkono kifuani.

—Nisamehe baba yangu. Mimi nimelelewa vizuri. Sikujua mkono wangu unaweza kufanya vile.

Hakimu aliyekuwa na mashitaka matatu tayari akasema hakuna neno, alikuwa anahisi joto.

—Mimi ni nesi, akasema. Wodi ya watoto wachanga, zamu ya usiku. Kwa hiyo kulala kwangu ni asubuhi. Nilikokuwa nakaa mwanzo kulikuwa na karakana ya vyuma. Nikajibana, nikajinyima, nikasema nitafute pazuri, nilipe mwaka mzima, nilale. Sikufuata bafu la kioo. Nilifuata usingizi.

Akaivuta ile shuka begani.

—Jana nilisinzia nimesimama. Sindano mkononi, mtoto mbele yangu. Mwenzangu akanishika mkono. Asingenishika...

Hakumalizia. Mtoto wangu wa pili alizaliwa kabla ya wakati. Hakuwa na haja ya kunimalizia mimi. Nikammiminia kikombe, akakataa, akasema akinywa hatalala kabisa. Nikaona huyu ana akili kuliko benchi zima.

—Sikuja kugombana, akasema. Nimekuja kuuliza jambo moja tu, maana nikilala nalifikiria, na nikilifikiria silali. Kabla sijalipa, nilimwambia kaka msimamizi nataka kimya cha asubuhi. Akaniambia, njoo Jumamosi asubuhi usikilize mwenyewe. Nikaja. Nikasimama roshanini kitambo kizima. Nikasikia njiwa. Hapa chini hapakuwa na mtu hata mmoja, mpaka nikadhani hili benchi ni pambo.

Akatutazama.

—Jumamosi ile mlikuwa wapi?

Wale watu waliokuwa na jibu la madini na la bima, na la paka pia, wakaanza kuchungulia vikombe vyao. Mkaa ukalia jikoni. Mwishowe Kipaza akasema, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, ndogo, ya binadamu:

—Tulikuwa msibani.

—Oh, poleni sana, akasema yule binti, na alimaanisha. Nani alifariki?

Marehemu akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

—Mimi.

Msichana wa watu akanitazama mimi, kuona kama ninacheka. Sikuwa nacheka. Nilikuwa natazama mwisho wa benchi, ambako funguo zilikuwa zimeanza kulia zenyewe. Tukageuka wote, mmoja mmoja.

—Funguo, nikamwita. Yule mwanamke aliyekupigia simu analia. Hebu mpigie, tumpe pole.

—Namba nimeifuta, Bibi.

—Uliifuta kabla ya kumwonyesha mpangaji nyumba, au baada?

Akasimama, akakaa, akasimama.

—Nilihitaji asubuhi moja tu! Moja! Mwaka mzima ninyi mnapiga kelele, mimi nilihitaji Jumamosi moja! Ningewaomba mnyamaze mngekubali?

—Tusingekubali, akasema Kipaza. Kweli ni kweli.

—Haya! Ningefanyaje, niwatoeje hapa wote kwa pamoja? Mngeondoka kwa jambo gani jingine?

—Kwa nini ukaniua mimi? akauliza Marehemu.

Funguo akatazama viatu vyake.

—Hukuwapo wiki nzima. Na wewe ndiye unayependwa na wote. Ningesema Kipaza, watu wangebaki wanakunywa kahawa.

Kipaza akafungua mdomo kukana, akatutazama usoni, akaufunga.

Hakimu sasa alikuwa amepata kesi aliyoisubiri maisha yake yote. Akaanza kutaja adhabu, nyingine nadhani zilifutwa kabla babu yangu hajazaliwa. Nikamkatiza. Mimi wakati ananipigia hotuba nilikuwa nawaza jambo la kijinga kabisa, la mwanamke anayefagia nyumba.

—Funguo, wewe unalala upande gani?

—Wa nyuma, Bibi.

—Na huko nyuma kuna nini?

—Ukuta wa ghala.

—Ghala la nini?

—Magodoro, akasema, kidogo kidogo, kama anayetoa mwiba.

Yule nesi akafumba macho. Nadhani neno magodoro peke yake lilitaka kumlaza pale pale.

—Na hiyo ya kwako vyumba vingapi?

—Kimoja na sebule.

—Vigae?

—Vile vile.

—Bafu la kioo?

—Lile lile, Bibi. Zimejengwa sawa.

—Kwa hiyo, nikasema, huyu alikuja kwako anatafuta kimya, na wewe kimya ulikuwa umekilalia.

—Mwenye jengo aliniambia nichague moja! Nikachagua! Ilikuwa haki yangu!

—Sasa unachagua tena. Leo hii anahamia nyuma, na wewe unahamia mbele. Akilala, halalamiki. Asipolalamika, nyundo haina kazi. Mwenye jengo hela yake inabaki mfukoni, hata kujua hahitaji kujua kwamba ulitangaza maiti ili upangishe nyumba yake. Ukikataa, Kipaza anamwambia.

—Namwambia kutokea hapa hapa, akasema Kipaza. Simu ya nini.

—Bibi, akasema Funguo, na mkono ameshika kichwa. Pale mbele mimi sitalala!

—Kwani kuna nini? akauliza Marehemu. Apatimenti ya kifahari.

—Maji ya moto yanatoka ukutani, akasema Hakimu.

—Kitanda unakizunguka, akasema Kipaza. Zunguka mpaka usingizi uje.

Akapiga simu mbele yetu. Safari hii namba ilikuwepo. Akasema mpangaji ameomba kuhamia nyuma na amefuta malalamiko. Tukasikia mwenye jengo akimshukuru Mungu, akauliza kama mafundi wakatazwe. Wakatazwe, akasema Funguo, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Tulihamisha siku hiyo hiyo mchana. Hakimu na Marehemu walibeba kitanda, mimi nilibeba sufuria, Kipaza alibeba maneno. Nilipofika huko nyuma nilisimama dirishani. Mwanangu, kimya kile unaweza kukikata kwa kisu. Kabla hatujamaliza kupanga, nesi alikuwa amejilaza juu ya godoro lisilo na shuka, viatu miguuni, amekwenda. Tukatoka kwa ncha za vidole. Kipaza alishika mdomo wake kwa mikono yote miwili mpaka getini, asije akapiga chafya.

Nilidhani yameishia hapo, na mimi ningemaliza hapa. Lakini Marehemu, mtu wa maneno machache, alikuwa bado na yake. Jioni ile akamwendea Hakimu.

—Ile hotuba yangu. Nilikuambia ni fupi.

—Ulisema.

—Irefushe.

Kesho yake nilifika jua halijapasua vizuri nikawakuta wameshakaa, wote watatu, kabla ya mkaa, kabla ya birika. Hakimu akasimama na karatasi. Akamwaga sifa za fundi saa tangu kuzaliwa, na kila alipochoka Kipaza aliipokea sentensi akairudia kwa wasiosikia, na wasiosikia wakati ule walikuwa wamelala. Mlango wa roshani ukafunguka. Funguo akatokea, shati kalivaa nje ndani, nywele zimesimama wima.

—Wazee wangu, akasema. Nawaomba. Punguzeni kidogo tu. Kuna mtu analala.

Kipaza na Hakimu wakamtazama Marehemu, maana msiba ulikuwa wake. Yeye hakunyanyua hata uso. Alikuwa anaijaza saa ya mkononi ufunguo, anaiweka sikioni kusikiliza.

—Mimi uliniua mwenyewe, akasema. Wafu hatusikii.

Hakimu akafungua ukurasa wa pili.

Hotuba hiyo inasomwa mpaka leo, na kila wiki fundi saa anakumbuka jambo jema jingine alilowahi kulifanya. Nesi anapita alfajiri, anatuamkia, anaenda nyuma kulala. Uso wake umerudi kuwa wa binti. Na Funguo siku hizi ndiye wa kwanza kufika benchini, ananisaidia kupepea mkaa, macho yamemtoka kama bundi aliyekosea zamu. Aliyataka masaa machache ya utulivu wetu, akayapata. Anayalipia kwa usingizi wa asubuhi, ule aliokuwa anaupenda kuliko mama yake mzazi.